Mteremko wa Kanzenze Baada Yako

Mama Mwavita,

Wamekata miti yetu. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Mtu akija na habari mbaya, ameificha nyuma ya salamu na hali ya hewa, ulikuwa unamkatiza: "Bon, sema. Kama iko mubaya, sema mbele." Basi nimesema mbele. Haikukatwa yote, na waliokata si maadui zetu, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Nitafika huko. Kwanza niache nikae nawe kidogo, maana tangu tulipokuzika sijapata mtu wa kuongea naye Kiswahili mpaka moyo ukatua.

Unajua nyumbani Baba anataka Kinyarwanda tu. Anasema tumerudi kwetu, tuseme ya kwetu. Lakini Kinyarwanda changu kimezaliwa Karagwe, ukimbizini, na watu wa Gisenyi wakinisikia wanatabasamu kabla sijamaliza ninachosema. Wewe hukutabasamu. Ulikuwa na Kiswahili chako cha Goma, mimi na changu cha shule ya Tanzania, tukakutana katikati kila mmoja akimcheka mwenzake. Nikisema miti imeota, unasema ilikamata. Nikisema mtu, unasema mutu. Juzi nimejisikia nasema "mutu" peke yangu njiani, na nikasimama, nikashindwa kuendelea kutembea.

Bado naiona siku uliyonichukua. Tulikuwa wageni mtaa wa Nengo, tumepangiwa vyumba vya nyuma katika nyumba ya mtu ambaye hakurudi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kisichotakiwa na ofisi yoyote, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ngazi ya mlango. Ukapita na ndoo ya samadi kichwani, kitenge cha njano kiunoni, ukasimama mbele yangu kana kwamba tuna miadi.

"We, Mutanzania. Kule kwenu mulikuwa munalima?"

Nikasema tulikuwa na migomba na kahawa kidogo.

"Donc jembe unajua. Kesho kuya Nyundo. Kazi iko, mushahara haiko, chakula iko."

Sikuja kwa ajili ya miti, Mama. Nilikuja kwa ajili ya chakula. Nadhani ulijua, kwa sababu siku ile ya kwanza ulinipakulia viazi na sambaza wa ziwani mara mbili bila kuniuliza, na ulipoona nawapenda wale samaki wadogo ukaanza kuniwekea vichwa vyao pembeni kila siku, eti Watanzania hawajui kula kichwa. Nilikuwa najua. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu nilipenda kuwekewa kitu.

Chama chetu cha kupanda miti wakati ule hakikuwa na zaidi ya kitalu kimoja nyuma ya shamba la parokia, paa la majani, na wewe. Akina mama wa parokia walitoa ardhi, akina mama wenzako wa msikitini wakaleta majembe na magunia, na watu wa mjini wakawa wanacheka kwamba Mama Mwavita wa makaa sasa amegeuka kuwa bwana miti. Sikuelewa kicheko chao mpaka siku uliyotueleza mwenyewe. Tulikuwa tumekaa chini tunajaza udongo kwenye viriba. Ulisema ulikuwa unauza makaa. Wakati kambi za wakimbizi zilipojaa upande wa Goma, makaa yalikuwa yanagombaniwa, na wewe ulikuwa unanunua miti ingali imesimama kwa watu wenye njaa wa Kanzenze, unachoma, unayavusha pale kwenye mpaka mdogo wa kwenda Goma. Mteremko mzima ukabaki kama kichwa kilichonyolewa. Kisha ikaja mvua ya masika, tope likashuka juu ya nyumba ya Zainabu, mdogo wako, akiwa ndani na watoto wake.

"Mi niliuza ile mulima," ulisema. "Gunia kwa gunia. Halafu ikashuka kwa mudogo yangu."

Hukulia. Uliendelea kujaza udongo, unabonyeza kwa kidole gumba, unachukua kiriba kingine. Sisi ndio tulioacha kazi. Ukatuangalia ukasema, "Ni nini? Muchoke mbele ya saa sita?"

Tulikuwa vijana wa kila aina ambayo nchi hii imegawanyika. Kulikuwa na sisi tuliotoka Tanzania na Uganda. Kulikuwa na waliorudi kutoka kambi za Zaire, wamekonda, hawaangalii mtu machoni. Kulikuwa na wale waliobaki peke yao katika nyumba zilizokuwa na watu wengi. Siku za mwanzo tulikaa mafungu matatu chini ya paa moja, na hakuna aliyepokea maji ya kunywa kutoka mkono wa fungu jingine. Hukutoa hotuba. Ulileta machela za miti za kubebea samadi, ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba, ukaanza kutupanga wawili wawili kwa kidole chako. Mimi ukanipanga na Viateri.

Viateri alikuwa wa Kanzenze, mrefu, mwenye kovu shingoni, aliyerudi kutoka kambini na mama yake tu. Nilikuambia kwa sauti ya chini siwezi. Nawe ulijibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie:

"Kama hamutaki kuongea, ni sawa. Nani aliwaambia muongee? Mutembee pamoja tu, mbolea isimwangike."

Tukatembea. Tulipanda ule mteremko kwa wiki nyingi bila neno, yeye mbele mimi nyuma, na nikavijua visigino vyake kabla sijaijua sauti yake. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa "jiwe", siku alipoona nitajikwaa. Nikasema asante. Ulikuwa juu yetu, unapima mstari wa mtaro kwa kamba yako yenye mafundo, na ulijifanya hukusikia. Lakini nilikuona.

Ulitufundisha kuchimba makinga maji yanayokatisha mteremko ili mvua isipate njia ya kukimbilia. Ulitufundisha kupanda matete kwenye kingo zake, na miti juu ya matete, na kumwacha mwenye shamba aweke maharage yake katikati ili asituchukie. Ulitufundisha kufinyanga majiko ya rondereza, yale ya udongo yanayokula kuni kidogo, na ulikuwa mkali kwenye majiko kuliko kwenye kitu kingine chochote. Jiko likitoka na ufa, unalivunja kwa mguu. "Hii itakula mulima," unasema, na mtu anaanza upya. Mwezi wa Ramadhani ulipanda nasi ukiwa umefunga, midomo imekauka, na Viateri akawa anajificha nyuma ya mgongo wangu kula kiazi chake ili usimwone. Ukamwona. Ukamwambia ajitokeze ale kama mutu, Mungu hakumwandikia yeye saumu yako. Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomsikia Viateri akicheka.

Baba alipogundua nabeba machela moja na mtu aliyetoka kambini, hakunipiga wala hakunifokea. Alisema tu, bila kunitazama, "Sikumkuta hata ndugu mmoja niliyemwacha hapa. Na binti yangu anapanda miti na watu wa upande ule." Nilikuja kwako kesho yake kukuaga. Ulinisikiliza, ukanawa mikono, ukavaa kilemba safi, ukashuka nami hadi Nengo. Nilidhani utabishana naye. Ulikaa kwenye kiti alichokuonyesha, ukanywa maziwa aliyokupa, ukauliza habari za ng'ombe wa Karagwe. Ulipokuwa unaondoka ndipo ulipomwambia:

"Muzee, mi sikukuya kukuambia usamehe mutu. Iyo iko yako. Nilikuya kukuambia mutoto yako anafanya kazi muzuri."

 Asubuhi yake nilichukua jembe nikatoka, naye Baba akageuza uso dirishani. Tuliishi hivyo, yeye akigeuza uso, mimi nikitoka.

Kisha vita vikarudi milimani, waasi msituni na jeshi barabarani. Wewe ulikuwapo, sina haja ya kukueleza, lakini nataka kuyasema kwa sababu hapa watu hawayasemi. Tulianza kusikia milio upande wa volkano, halafu karibu zaidi, halafu barabara ya Nyundo ikawa inafungwa mchana. Watu waliokuwa wanasalimiana wakaacha. Chama kikapungua, mmoja leo, mwingine kesho, wazazi wakiwaficha watoto wao. Waliobaki ni wale wasiokuwa na mahali pa kufichwa, na mimi.

Wanajeshi walimkamata Viateri kwenye kizuizi cha barabarani akipanda kwenda shambani alfajiri, na ile kamba yako begani. Walimuuliza kamba yenye mafundo ni ya kupimia nini. Alisema anapima mstari wa kuzuia maji. Nani angeamini maneno hayo wakati ule? Habari ilipofika kitaluni ulivua buti za shamba, ukaniambia, "Ana, twende. Mi ni mwanamuke wa makaa tu. We ndiyo watakusikia." Nilijua maana yake. Nilikuwa wa waliorudi kutoka Tanzania, nilikuwa na kaka wa baba yangu jeshini, na neno langu lilikuwa na uzito ambao lako halikuwa nao. 

Tulikaa juani nje ya kambi ya jeshi mpaka alasiri. Ofisa aliyetoka alikuwa kijana, amekulia Uganda, anaongea Kiswahili cha jeshini.

"Mama, huyu unamjua?"

"Namujua. Ni mutoto yangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumupanda."

Alikaribia kucheka, nikaona akijizuia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, wa Tanzania. Akikimbilia msituni kesho, nije kwenu nimchukue nani? Baba yako?"

Mama, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilimfikiria Baba amekaa dirishani. Nilifikiria ndugu zake ambao sikuwahi kuwaona. Ulikuwa umesimama kando yangu na hukunigusa, hukunisukuma, hata kukohoa hukukohoa. Uliniacha niamue. Nikasema, "Hatakimbia. Namjua. Tunafanya kazi pamoja." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Walimtoa jioni ile, uso umevimba. Alitembea katikati yetu hadi Nyundo, na tulipofika alitafuta lile jembe lake akalipangusa, akaliweka mahali pake. Baba alisikia habari kabla sijafika nyumbani. Aliniambia, "Umeweka jina langu chini ya mtu yule." Nikasema ndiyo, Baba. Tangu siku hiyo aliacha kula meza moja na mimi.

Na sasa nafika kwako.

Kilikuwa kiangazi. Miche ya safu ya juu kabisa, ile tuliyoipanda mvua zikiwa zinaisha, ilikuwa inanyauka, na tulikuwa tumeambiwa tusipande mlimani kwa sababu ya mapigano. "Itakauka," ulisema, ukachukua ndoo. Tulikuwa mimi, wewe, Viateri na wasichana wawili. Asubuhi ilikuwa tulivu, hata mtu alikuwa anaimba bondeni. Ulikuwa umesimama juu yetu na ndoo ya kumwagilia, umeinama, unausemesha mche mmoja kama ulivyozoea, unaugombeza kwa nini umelegea. Milio ilianza kutoka bondeni, ikajibiwa kutoka juu, au ilianza juu ikajibiwa kutoka bondeni. Tulijitupa ndani ya mtaro. Nilisikia udongo mdomoni. Viateri aliita jina lako na hukujibu, akatambaa.

Ilipotulia wanaume wa nyumba za chini walipanda na ingobyi, lile tenga letu la kubebea wagonjwa, tukakuteremsha. Ulikuwa bado unaongea. Ulisema tusikukimbize, njia ile ina mawe. Kisha ukauliza, "Ile miche ya mu viriba, muliweka kwa kivuli?" Viateri alikuwa amebeba mbele, hakugeuka. Akasema, "Ndiyo, Mama. Iko kwa kivuli." Ukasema bon. Kabla hatujaona paa za Nyundo ulikuwa umekwenda, nasi tuliendelea kutembea tu kwa mwendo uleule wa taratibu.

Mpaka leo sijui risasi ile ilitoka upande gani. Kila mtu hapa anajua, isipokuwa mimi. Nyumba hii wanajua, nyumba ile wanajua, na majibu yao hayafanani. Wamenishika mkono sokoni kuniuliza, niwaambie wanachotaka kusikia. Nasema nilikuwa chini, uso kwenye udongo. Wanaondoka wamekasirika.

Watu wa msikiti walikuosha na kukuzika siku ileile. Akina mama wa parokia walikuja na rozari mikononi, wakasimama nyuma kwa adabu, hawajui waseme nini kwa dini yenu, kwa hiyo walinyamaza, na ilikuwa vizuri. Mpaka ulikuwa umefungwa. Mwavita alikuwa Goma, pale tu, mahali ambapo jogoo wao akiwika tunamsikia, na hakuweza kuvuka kumzika mama yake.

Alivuka baadaye, walipofungua. Alikuja moja kwa moja kitaluni. Ana kutembea kwako, nilifadhaika nilipomwona kwa mbali. Aliniuliza ulisema nini mwishoni. Nilimwambia yote, mawe ya njiani, na miche, na kivuli. Alisubiri. Kisha akauliza, "Na mi? Hakuniita mi?"

 Nilimwambia ulikuwa umechoka. Alitazama viriba vilivyopangwa, akasema, "Hii mulima ilikula mama mudogo, ilikula mama. Mi sitapanda kule hata siku moja." Akaomba kitenge chako, nikampa, akarudi Goma kabla mpaka haujafungwa tena.

Miti, basi.

Baada ya mapigano kupungua, serikali iliwataka watu watoke kwenye nyumba zao zilizotawanyika milimani wakae pamoja kando ya barabara, kwa usalama. Kanzenze nzima ilishuka. Unajua baridi ya pale. Walikuwa wanalala chini ya shitingi za plastiki, watoto na wazee, na mvua za vuli zinakaribia, na kila familia ilitakiwa kujenga. Kujenga kunataka miti. Na miti iliyokuwa imebaki mahali popote karibu, iliyonyooka, iliyofikia unene wa nguzo, ilikuwa yetu. Ile ya mwaka wa kwanza. Ile niliyoibebea samadi bila kusema neno.

Tulikutana kitaluni, wachache tuliobaki. Mmoja alisema tukalale kule juu na mapanga. Mwingine akasema tumlilie diwani, naye diwani ndiye aliyekwisha kusema wakate. Nilikuwa nasubiri Viateri aseme, kwa sababu alikuwa amepanda mingi kuliko sisi sote. Alisema akiwa amesimama, anatazama mikono yake:

"Mama yangu anakohoa chini ya plastiki. Ile miti niliipanda mimi. Niambieni nisikate."

Hakuna aliyemwambia. Ningemwambia nini? Nilijaribu kufikiria wewe ungesema nini, na hiki ndicho kilichoniuma kuliko yote, sikukusikia. Nilizoea kukusikia kila nikikwama. Siku ile kulikuwa na kimya tu.

Tuliamua kwenda wenyewe mbele ya watu. Tulifunga magome ya migomba kwenye kila mti ambao haufai kukatwa, ile ya juu penye mwinuko mkali na ile ya kingo za mitaro, tukawaonyesha ile ya chini wachukue. Siku ya kwanza walisikia. Mzee mmoja hata alitushukuru. Siku zilizofuata walikuja watu wengi zaidi, wa mbali, wasiotujua, na magome yakawa hayana maana. Nilisimama mbele ya mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni na panga mkononi, nikamwambia mti huu unashika udongo juu ya nyumba za watu. Akaniambia, "Dada, mimi sina nyumba." Nikapisha.

Viateri alikata nguzo zake za chini, zile tulizokubaliana, hakuzidisha hata moja. Alizibeba peke yake, kwa safari nyingi. Alipita mbele yangu kila mara na hatukuangaliana, kama zamani.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira. Upande wa kushoto, pale walipokata hadi juu, udongo ulishuka ukafunika viazi na njia ya kwenda kisimani, na ukasimama kabla ya nyumba mpya. Hakufa mtu. Naandika tena ili niyaone maneno: hakufa mtu. Upande wa kulia, juu ya pale palipokuwa nyumba ya Zainabu, safu zilizobaki zimeshika. Kwa sasa. Zina mapengo, Mama, ungeziona ungegombeza. Lakini zimeshika.

Kesho yake Viateri alikuja na jembe akaanza kuondoa tope kwenye njia ya kisima, bila kumwita mtu. Nikaenda. Wakaja na wengine, hata yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Ndiye aliyeniuliza kama bado tunafundisha yale majiko, maana kuni sasa ziko mbali na anachoka. Hivyo ndivyo chama kilivyoanza tena, kwa majiko. Wasichana wa makazi mapya wanakuja kila wiki, na ni mimi ninayewafundisha, na sijui kufundisha. Napiga kelele. Jiko likiwa na ufa nalivunja kama wewe, lakini wao hawacheki, wananiogopa. Viateri ameniambia nipunguze sauti. Yeye anashika kitalu. Anakohoa sasa kama mama yake, na hataki kwenda hospitali.

Baba anahama. Watu wengi waliotoka Tanzania wanakwenda Umutara, kuna nyika kwa ng'ombe, na nyumba ya Nengo inadaiwa na watu wa ukoo wa yule mwenyewe ambaye hakurudi. Alinikalisha chini, mara ya kwanza tangu siku ile, akaniambia nifunge vyangu. Nikasema nabaki. Akauliza nitabaki na nani. Nilianza kuwataja, na nilipofika jina la Viateri alisimama akatoka nje. Wanaondoka baada ya mavuno. Sijui kama ataniaga.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Ulitaka habari mbaya isemwe mbele, nami nimeisema mbele, katikati na nyuma. Nyingine sina.

Pumzika, Mama Mwavita. Siwezi kukuahidi kwamba mlima utarudi kuwa kama ulivyoukuta ulipokuwa msichana, na ukisikia mtu anakuahidi hilo, anakudanganya. Naahidi kidogo tu. Mapengo yale nitayajaza msimu huu, na watakaokata tena nitapanda nyuma yao. Viateri nitamvuta mpaka hospitali, apende asipende. Na Mwavita akibadili mawazo, akifika hata chini tu ya mteremko, nitamsindikiza hadi mahali atakapotaka kusimama, na sitamwambia neno kuhusu kazi.

Sitakuficha: kuna asubuhi naamka nimekukasirikia. Ulijua kuna risasi, ukapanda. Ulituacha wadogo mno kwa mlima mkubwa hivi. Nakaa kitandani nakulaumu mpaka kumekucha vizuri. Kisha navaa, natoka, kwa sababu wasichana wanakuwa wameshafika, wamekaa mlangoni, na hawajui udongo wa kuanzia ni upi.

Mimi wako,
Anastazia